TAZAMA UNYAYO WAKO KAMA UTAZAMAVYO KWATO ZA NG'OMBE

Ndugu mkulima, ng'ombe wako akichechemea asubuhi hungoji mwezi uishe. Wamwita kijana, mnamfunga ng'ombe, mnainua mguu, mnasafisha kwato na kutafuta mwiba, jiwe au uozo. Ukiona jambo usilolielewa, wapiga simu kwa daktari wa mifugo, kwa maana wajua ya kuwa ng'ombe asiyetembea hafiki malishoni, na asiyefika malishoni hana maziwa. Huo ni ufugaji mzuri, na watu wa Kitengela, Isinya na Kajiado hawahitaji kufundishwa na mtu.

Lakini je, unyayo wako mwenyewe uliutazama lini? Sisemi kuuosha. Nasema kuuinua penye mwanga, ukautazama kisigino, katikati, na kati ya kila kidole. Wengi wetu hatujafanya hivyo tangu siku ya mwiba wa mwisho, na hata siku ile tulitafuta mwiba tu, tukaukuta, tukaondoka.

Makala haya yana neno moja la kukuambia. Kwa mtu mweusi, saratani ya ngozi, ambayo wengi huiita kansa ya ngozi, mara nyingi haianzi usoni palipopigwa na jua. Huanza kwenye unyayo, chini ya ukucha, na katika kidonda au kovu la zamani. Nayo ikionekana mapema hutibika. Jicho lako mwenyewe, mara moja kwa mwezi, ndilo la kuiona mapema, na jicho halina bei.

MANENO YA UONGO YALIYO NA NUSU YA UKWELI

Yako maneno yasemwayo sana vijijini, ya kwamba saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Yafaa tuyapime maneno hayo kwa haki, kwa sababu nusu yake ni kweli. Ngozi yetu ina rangi nyingi, na rangi hiyo ni mwavuli. Huzuia sehemu kubwa ya miale mikali ya jua isifike ndani ya ngozi na kuiharibu. Ndiyo sababu mzee aliyechunga ng'ombe miaka 60 katika mbuga za Kajiado hana madonda usoni, na mtu mweupe aliyefanya kazi hiyo hiyo, juani, bila kofia, angekuwa nayo.

Basi twakubali: saratani ya ngozi kwetu si ugonjwa wa wengi. Sitaki mtu alale na hofu kwa kusoma ukurasa huu. Lakini nusu ya pili ya maneno yale ndiyo inayoua. Kwa kuwa tumeambiwa haituhusu, hatutazami. Kwa kuwa hatutazami, yule mmoja aliyepatwa hugundua wakati ugonjwa umekwisha kutoka unyayoni na kupanda mpaka kwenye tezi za kinena. Mtu mweupe amefundishwa tangu utoto kuangalia mabaka yake, naye hufika kwa daktari baka likiwa dogo. Mtu wetu hufika likiwa donda lenye harufu. Ugonjwa ni ule ule. Tofauti ni siku ya kufika.

Mwaka 1970 daktari wa Marekani, Alexander Breslow, alionyesha ya kuwa jambo kubwa katika saratani hii ya baka jeusi ni kina chake, yaani imezama milimita ngapi ndani ya ngozi. Iliyo juu juu, isiyozidi milimita moja, mara nyingi hukatwa ikaisha. Iliyozama sana hupata njia ya kuingia katika tezi, na baadaye mapafu, ini na ubongo. Mkulima aelewa jambo hili upesi kuliko mtu wa mjini. Sangari ikichipua leo waing'oa kwa vidole viwili. Ukiiacha mpaka mizizi yake ipite chini ya shamba zima, utalima msimu baada ya msimu na bado itaota.

KWA NINI UNYAYO?

Jambo hili limejulikana Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mwaka 1967 daktari aitwaye M. G. Lewis, aliyefanya kazi Kampala, alichapisha uchunguzi wake juu ya saratani hii kwa watu wa Uganda, akieleza uhusiano wake na mabaka meusi ya kwenye nyayo. Basi si habari mpya iliyokuja jana kutoka ng'ambo. Ni habari ya majirani zetu, iliyokaa katika vitabu vya madaktari bila kufika katika boma.

Saratani ya unyayo hailetwi na jua, kwa maana unyayo hauoni jua. Kwa hiyo kofia haiikingi, kivuli hakiikingi, wala mafuta ya kujipaka hayaikingi. Kinga yake ni kuiona mapema, basi.

Tena inajua kujificha. Sisi ni watu wa miiba. Mwiba wa mgunga hupenya akala na kiatu cha plastiki, nao ukivunjikia ndani huacha alama nyeusi. Mtu aonapo doa jeusi kisiginoni husema, "Ni mwiba wa zamani." Akiona weusi chini ya ukucha wa kidole gumba husema, "Nilijikwaa kwenye jiwe, damu imevia." Mara nyingi ni kweli. Lakini mwiba una siku zake na damu iliyovia ina siku zake, na siku hizo zikipita bila mabadiliko hapana budi kuuliza tena.

Wako watu maarufu waliopatwa hivyo hivyo. Bob Marley, mwimbaji wa Jamaika ambaye vijana wetu bado wanavaa picha yake, alipata weusi chini ya ukucha wa kidole kikubwa cha mguu. Alikuwa mpenzi wa kandanda, na ilidhaniwa ni jeraha la mpira. Mwaka 1977 madaktari walitambua ya kuwa ni saratani. Alishauriwa kidole kikatwe, naye hakukubali. Sehemu tu iliondolewa. Tarehe 11 Mei 1981 alifariki mjini Miami, akiwa na umri wa miaka 36, ugonjwa umekwisha kuenea mwilini. Hakuwa Mzungu wa kuungua jua. Alikuwa mtu mwenye fedha na madaktari, na chanzo kilikuwa kidole cha mguu.

MABAKA YASIYO NA NENO

Kabla ya kutaja dalili mbaya, yafaa nitaje zisizo mbaya, ili zahanati zisijae watu wenye hofu ya bure.

Vile vipele vidogo vyeusi, laini, vinavyoota mashavuni na kuzunguka macho ya wazee wetu, havina ubaya. Huja kwa umri, na mara nyingi hurithiwa katika jamaa. Baka la kuzaliwa ambalo mama yako alilijua, nalo limekaa vile vile miaka yote, kwa kawaida halina neno. Madoadoa bapa ya rangi ya kahawia kwenye nyayo ni ya kawaida kwa watu weusi, nao wengi wenye madoa hayo hawatapata saratani kamwe. Hali kadhalika mistari myembamba myeusi ya kusimama kwenye kucha, hasa ikiwa katika kucha kadhaa za mikono na miguu, huonekana kwa watu wetu wengi, na huongezeka kwa umri.

Basi swali si "Je, nina baka?" Karibu kila mtu ana baka. Swali ni "Je, baka hili limebadilika?" Wala huwezi kujua ya kuwa limebadilika kama hukujua lilivyokuwa.

DALILI TANO, KIDOLE KWA KIDOLE

Mwaka 1985 madaktari wa New York walipanga dalili nne za kuwasaidia watu kutambua baka baya, na mwaka 2004 dalili ya tano ikaongezwa. Zihesabu kwa vidole vya mkono mmoja ili usizisahau.

Kidole cha kwanza: nusu mbili. Likate baka katikati kwa mawazo yako. Nusu zikilingana, ni vyema. Nusu moja ikiwa kubwa au ya umbo jingine, angalia sana.

Kidole cha pili: ukingo. Baka zuri lina ukingo uliotulia, kama sarafu. Baka baya lina ukingo uliochanikachanika, au rangi inayotambaa nje kama wino uliomwagika kwenye karatasi.

Kidole cha tatu: rangi. Rangi moja ni afadhali. Nyeusi hapa, kahawia pale, na wekundu au ukijivu katikati, ni alama ya kwenda kuuliza.

Kidole cha nne: ukubwa. Lililozidi milimita 6, yaani upana wa kile kifutio cha nyuma ya penseli ya mtoto wa shule, litazamwe na mganga. Lakini dogo lisidharauliwe ikiwa linakua.

Kidole cha tano, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote: mabadiliko. Linakua, linainuka, linawasha, linauma, linatoka damu, linapasuka na kuwa kidonda. Hata kama dalili nyingine zote hazipo, hii peke yake yatosha kukutoa nyumbani.

Juu ya hizo tano, kwa unyayo na ukucha ongeza mambo matatu.

Moja, si kila saratani ya unyayo ni nyeusi. Nyingine huwa nyekundu au rangi ya nyama, ikafanana na sugu iliyopasuka au kidonda tu. Uvimbe wowote wa unyayoni unaotoka damu bila sababu uonyeshwe.

Pili, mstari mmoja mpya kwenye ukucha mmoja tu, unaopanuka mwezi kwa mwezi, au weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya shina lake, si wa kungojea.

Tatu, uko mtihani wa damu iliyovia. Ukucha hukua kutoka shinani kwenda mbele, na damu iliyo chini yake husogea pamoja nao, ikaacha ukucha safi nyuma. Ukucha wa mguu hukua polepole, kama milimita moja na nusu kwa mwezi, kwa hiyo weka alama au piga picha kwa simu. Miezi miwili au mitatu ikipita na weusi bado umeshika shina pale pale, hiyo si damu ya kujikwaa. Nenda.

Tena, ukiona mabaka au vinundu vya rangi ya zambarau au nyeusi kwenye miguu, hasa mguu ukivimba, ujue iko saratani nyingine iitwayo Kaposi, ambayo hupata zaidi watu ambao kinga ya mwili imepungua kwa virusi vya UKIMWI. Hiyo nayo ina tiba, na kupimwa mapema ni nusu ya tiba hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

DONDA NDUGU NA KOVU LA MOTO

Yapo mambo mengine ambayo katika mashamba yetu yana uzito kuliko mabaka. Mtu ana donda kwenye muundi, amekaa nalo miaka. Laziba, lafunguka, laziba tena. Watoto wamelizoea, mke amelizoea, naye mwenyewe amelipa jina. Au mama aliungua mguu jikoni akiwa msichana, kovu likabaki gumu, likivutwa na kupasuka kila msimu wa kiangazi.

Madonda na makovu ya namna hiyo, yakikaa miaka mingi, yaweza kugeuka saratani. Daktari Mfaransa Jean-Nicolas Marjolin alieleza juu ya madonda ya aina hiyo mwaka 1828, na mpaka leo yanaitwa kwa jina lake. Dalili za kugeuka ni hizi: ukingo wa donda wainuka na kuwa mgumu; nyama yaota katikati kama koliflawa; donda lililokuwa kimya laanza kutoka damu na kunuka; maumivu yaja pasipokuwa na maumivu; kovu lililofunga miaka 20 lafunguka bila kugongwa na kitu.

Hapa sheria yangu ni nyepesi, nami nataka uikate na kuibandika mlangoni. Kidonda chochote kisichopona kwa wiki nne, licha ya kusafishwa vizuri, si cha kupaka dawa ya dukani tena. Ni cha kuonyeshwa. Wala usinunue mafuta ya mifugo katika agroveti ukajipaka mwenyewe. Dawa ya chuchu za ng'ombe ilitengenezwa kwa chuchu za ng'ombe.

WATOTO WETU WENYE UALBINO

Nilisema rangi ya ngozi ni mwavuli. Basi wafikirie waliozaliwa bila mwavuli huo. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino. Kwao jua ndilo adui mkuu, na saratani ya ngozi huweza kuwapata wakiwa bado vijana. Kitengela na Kajiado ziko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, karibu na Ikweta, na kivuli ni haba. Miale ya hapa haina huruma.

Mfugaji wa ng'ombe wa kigeni ataelewa upesi. Ng'ombe wa Hereford, mwenye uso mweupe na kope zisizo na rangi, hupata saratani ya jicho katika nchi za jua kali kuliko ng'ombe mwenye kope nyeusi. Hakuna aliyemloga. Ni jua na ngozi isiyo na rangi. Kwa mtoto mwenye ualbino ni vivyo hivyo: si laana, si kosa la mama, na si jambo la kuficha ndani ya boma. Ni ngozi inayohitaji kukingwa.

Mkinge hivi. Kofia yenye ukingo mpana kuzunguka pande zote, si ile ya mbele tu, kwa maana masikio na shingo ndivyo huungua kwanza. Shati la mikono mirefu na suruali au sketi ndefu. Asichunge wala kupalilia kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Mpe kazi za alfajiri au za ndani. Mwambie mwalimu asimweke uwanjani adhuhuri, tena akae mbele darasani, kwa sababu macho yake nayo hayaoni mbali. Apakwe mafuta ya kukinga jua kila siku, nayo yapakwe tena mchana.

Mafuta hayo ni ghali madukani, hilo twalijua. Lakini Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa watu wenye ualbino mafuta hayo kupitia hospitali za serikali. Mwandikishe mtoto wako katika Baraza hilo, kisha uliza hospitalini. Majirani zetu wa Tanzania wamefika mbali: mjini Moshi, ng'ambo tu ya mpaka, hospitali ya KCMC ina chuo cha magonjwa ya ngozi tangu mwaka 1992, na mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun yalitengenezwa hapo hapo kwa ajili ya watu wenye ualbino. Kama yamewezekana chini ya Kilimanjaro upande ule, yawezekana na upande huu.

Ngozi ya mtoto huyo itazamwe kila mwezi: uso, midomo, masikio, shingo, mikono. Magamba magumu yasiyotoka, au kidonda kidogo mdomoni kisichopona, aonyeshwe mara moja. Hata bila dalili, apelekwe hospitalini angalau mara mbili kwa mwaka.

JINSI YA KUTAZAMA

Chagua siku moja kwa mwezi usiyoweza kuisahau. Mwenye ng'ombe na achague siku ya josho. Mwenye bustani na achague siku ya kulipa maji. Oga kwanza, sugua nyayo mpaka vumbi lote litoke, kisha keti nje penye mwanga wa asubuhi.

Anza na nyayo zote mbili. Kisha kati ya vidole. Kisha kucha za miguu na za mikono, na akina mama waondoe rangi ya kucha siku hiyo. Kisha viganja. Kisha miguu, hasa makovu na madonda ya zamani. Mwisho midomo na ndani ya mdomo. Mahali usipoweza kuona, tumia kioo, au mwenzi wako akutazame nawe umtazame. Mzee asiyeweza kuinama tena, mjukuu na amwinulie mguu. Hiyo ni heshima, si aibu.

Baka ulilolitilia shaka lipige picha kwa simu, na kando yake weka sarafu ya shilingi, ili mwezi ujao ujue kama limekua. Kazi yote haizidi dakika kumi.

UKIONA JAMBO, FANYA HIVI

Usilikate kwa wembe. Usilichome kwa chuma cha moto wala kwa maji ya betri. Kufanya hivyo huondoa kilicho juu na kuacha mizizi ndani, tena humwondolea daktari kitu cha kupima.

Nenda zahanati iliyo karibu, uvue viatu, useme waziwazi: "Naomba utazame hapa, pamebadilika tangu mwezi fulani." Onyesha picha. Omba barua ya kwenda Hospitali ya Kitengela au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti pale Kajiado, na ikihitajika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, kwa maana madaktari wa ngozi ni wachache na wengi wao wako Nairobi. Hakikisha jamaa yako yote imeandikishwa katika SHA, iliyochukua mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Usingoje siku ya ugonjwa kutafuta foleni.

Daktari akitaka kukata kipande kidogo kipelekwe maabara, kubali. Wako wasemao kisu huamsha saratani, ikakimbia mwilini. Si kweli. Waliosema hivyo waliona watu waliokatwa wakiwa wamechelewa, wakafa, wakalaumu kisu. Lililowaua ni kuchelewa.

NENO KWA WENYE MADARAKA

Najua jibu nitakalopewa. Wengine watasema tuna mambo makubwa kuliko mabaka: ukame wa 2020 hadi 2022 ulimaliza ng'ombe wengi katika Kajiado, mashamba yanagawanywa, na bei za vyakula vya mifugo hazishikiki. Ni kweli yote. Lakini tazama mtu aliyechelewa anavyotibiwa. Kwanza zauzwa mbuzi, kisha mitamba, kisha yaja mazungumzo ya kuuza kipande cha ardhi kando ya barabara. Watu wa skimu walihangaika miaka kupata hati zao. Sioni hesabu nzuri katika kuuza ekari kwa sababu ya doa ambalo lingekatwa likiwa kama punje ya mtama.

Naona serikali yaweza kufanya mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. La kwanza: mwaka 2023 wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 walipewa vifaa na kutumwa kuzuru nyumba zetu. Wanapima shinikizo la damu na sukari. Na waongeze swali moja: "Mzee, naomba nione nyayo zako." Mwenye kisukari yampasa kutazamwa miguu hata hivyo, ziara moja itatumikia magonjwa mawili. La pili: katika kila zahanati ibandikwe picha ya baka zuri na baka baya kwenye ngozi nyeusi, si picha za ngozi nyeupe kutoka vitabu vya ng'ambo, ambazo hazimfundishi mtu wetu kitu. La tatu: afya ni kazi ya kaunti tangu 2013, basi kaunti yetu na ipange siku za daktari wa ngozi kuja Kajiado na Loitokitok, zitangazwe barazani na sokoni mapema, ili mtu wa mbali aweze kupanga safari na wenzake.

Nanyi wakulima msikae mkingoje hayo. Kamati za skimu na vyama vya ushirika vya maziwa hukutana kila mwezi. Dakika tano za mkutano zatosha kusoma zile dalili tano kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, ili asiyesoma naye asikie. Na kama yuko jirani ambaye donda lake limezoeleka, msilizoee tena. Mpelekeni.

Mwezi huu siku ya josho i karibu. Ng'ombe wakishapita na kazi ikiisha, keti juu ya jiwe, vua akala zako, uinue mguu wa kwanza.